Mwonyesha Njia wa Mashimo ya Dhahabu

Sikumpenda, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu amezeeka. Sisi watu wa Ifakara tuna tabia ya kumsamehe mtu akianza kutembelea fimbo, kana kwamba fimbo inafuta mambo. Yeye alikuwa na fimbo tangu enzi za nguvu zake, fimbo ya mninga iliyopakwa mafuta ikang'aa, na haikuwa ya kumsaidia kutembea. Ilikuwa ya kuonyeshea. Aliinyoosha kuelekea milimani, vichakani, mawinguni, popote ambapo mgeni angeuliza kuna nini, na jibu lilikuwa limeshamtoka mdomoni kabla fimbo haijatulia.

Tulimwita Mwonyesha Njia. Jina alijipa mwenyewe, sisi tukalipokea kwa sababu ndiye aliyetupa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwatembeza wageni kwa miguu, siku kadhaa porini, kutoka Chita kuupanda mlima, kupita kwenye msitu wenye mashimo ya zamani ya dhahabu, mpaka kutokea upande wa Uchindile kwenye mashamba ya miti, ambako walipanda treni kurudi walikotoka. Mashimo hayo walichimba Wazungu enzi za ukoloni, walipokuja kupima mchanga wa mito baada ya kusikia kuna mali. Walipata kidogo, wakachoka, wakaondoka. Waliacha mitaro iliyojaa magugu, vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu, na makaburi ya watu wetu waliowabebea mizigo na kuwafulia nguo.

Mimi nilikuwa mpishi wake. Tulikuwa na wapagazi waliobadilika kila mwaka, isipokuwa mmoja, Shija, Msukuma aliyekuja bondeni na ng'ombe, ng'ombe wakapungua, akaanza kubeba mizigo ya watu. Shija alibeba sufuria zangu. Alikuwa na miguu mirefu na cheko la karibu, na asingekuwepo yeye ningeacha kazi ile safari ya kwanza.

Wageni walikuwa wa kila aina. Walikuja Wazungu wenye viatu vya bei mbaya, wanafunzi wa chuo kutoka Dar, kwaya ya vijana ya parokia, na mara moja walikuja vijana wanaofanya kazi ya kunasa mbu kule Namawala, ambao walisema wanataka kulala mahali ambapo hawatamwona mdudu huyo. Wote aliwaambia maneno yaleyale siku ya kwanza, amesimama juu ya jiwe: "Mimi sipotei. Nazunguka."

Wageni walicheka, wakadhani ni mzaha. Sisi tulijua ni taarifa. Mtu yule hakuijua njia. Alijua kwamba ipo, alijua inaanzia wapi na inaishia wapi, lakini hapo katikati alikwenda kwa kubahatisha, na kwa sababu hiyo hatukupita mahali pamoja mara mbili kwa namna ileile. Mwaka huu mto tuliukuta kulia, mwaka ujao uko kushoto. Wageni waliorudi mara ya pili walimsifu kwamba ana njia nyingi. Alipokea sifa hizo ameinamisha kichwa kama padri anayepewa mkono wa Pasaka.

Pamoja na hayo, hakuruhusu mtu yeyote atangulie mbele yake. Shija, kwa ile miguu, alijisahau mara kwa mara akampita, na mara hiyohiyo aliitwa arudi nyuma. "Mbele ni mahali pangu," alisema Mwonyesha Njia. "Mbele pana wajibu." Shija alirudi, akapita karibu yangu na kuniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ningemwachia huyu ng'ombe wangu, saa hizi wangekuwa wanakula mchanga."

Neno lake la pili lilikuwa "Tumebakiza kilima kimoja." Kwaya ya parokia ilikuja ikiimba kutoka Chita, sauti nne kamili, ngoma ndogo mgongoni. Alipowaambia kimebaki kilima kimoja, waliimba kwa nguvu zaidi. Wakakipanda. Juu yake palikuwa na kingine. "Kile hakihesabiwi," akasema, "kile ni bega la hiki." Wakalipanda bega. Baada ya bega tukakuta mgongo, na baada ya mgongo wale besi walinyamaza, kisha wakafuata wale wa tenori, na soprano walibaki peke yao mpaka nao wakaomba maji. Jioni ile walikula wali wangu bila kusali. Mwonyesha Njia ndiye aliyewakumbusha, akasimama na kushukuru kwa safari njema isiyo na usumbufu.

Alikuwa na karai. Nasema karai kwa sababu ndilo. Yeye aliliita chombo. Aliwaambia wageni kwamba chombo kile Mzungu wa dhahabu alimwachia mzee mmoja wa Chita, na mzee yule akamwachia yeye, na kwamba ndani yake iliwahi kuonekana dhahabu ya kumfanya mtu aache mke. Mimi ni mwanamke wa jikoni. Najua karai la kukaangia maandazi nikiliona, na lile lilichomelewa mkono na fundi wa sokoni kwetu, yule ambaye kazi zake zote zina uvimbe mahali palepale. Wageni walilijaza mchanga wa mto, wakalichezesha majini kama alivyowaelekeza, na kitu kikimetameta aliinua kidole kuwataka wanyamaze. Kilikuwa ulanga, yale magamba ya mawe yanayong'aa ambayo watoto wa Mahenge wanachezea. Hakusema ni dhahabu. Alisema tu, "Hilo msiwaambie watu." Wakaufunga ulanga wao kwenye karatasi za choo wakaenda nao kwao.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mwenyewe aliamini. Jioni, wageni wakiota moto, aliwahubiria kwamba dhahabu ni laana, imewala Wazungu na imewala babu zetu, na mtu mwenye akili anaiacha ilale. Asubuhi, nikishuka mtoni kusuuza vyombo, nilimkuta amechutama nyuma ya jiwe, suruali imekunjwa, analichezesha karai peke yake, midomo inatikisika. Akiniona alilimimina haraka na kusema anatafuta kamba wa mboga. Hakuna kamba wa kuliwa katika vijito vile.

Na maji aliyaogopa. Mtu wa bonde la Kilombero, ambako mafuriko yakija tunahamia juu ya vitanda, aliogopa kijito kinachofika gotini. Alisali rozari kabla ya kuvuka, kisha akapanda mgongoni kwa Shija. Hilo peke yake nisingelisema, kila mtu ana hofu yake. Lakini akiwa huko mgongoni, miguu inaning'inia, bado aliinyoosha ile fimbo mbele na kuamuru, "Kushoto. Kushoto kidogo. Hapo sawa." Wageni walimpiga picha. Ninayo mojawapo kwenye simu yangu mpaka leo, na siku nikiwa na huzuni huitazama.

Jema alikuwa nalo moja, nalitaja ili nisiambiwe nina roho mbaya. Hakuacha mtu nyuma. Msichana mmoja wa chuo aliteguka mguu ukavimba, wenzake wakaanza kulalamika kwamba watakosa treni. Mwonyesha Njia akaketi karibu naye akamwambia habari za mtafuta dhahabu mmoja aliyeumia mahali hapohapo, kwenye jiwe hilohilo, akavumilia mpaka mtaro unaofuata, na pale alipoegemea kupumzika akaiona mali. Msichana akainuka. Akachechemea mpaka mtaro unaofuata ili aone. Huko alikuta habari nyingine inamngoja, ya mtaro wa tatu. Uongo wake ulimfikisha Uchindile kwa miguu yake mwenyewe, nami nilimwangalia mzee yule nikiwa sijui nimtukane au nimpe chai.

Basi unaweza kuniuliza kwa nini nilimfuata miaka yote hiyo, mtu nisiyempenda wala kumwamini. Ni kwa sababu ya mama yangu.

Baba yake mama alikuwa mpishi wa wale Wazungu wa dhahabu. Alipanda nao mlimani mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na hakushuka. Mpagazi mmoja alirudi na blanketi lake, akasema aliugua tumbo, wakamzika kando ya njia, wakaendelea. Kandokando ya njia ipi, mpagazi hakuweza kueleza. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usiweze kuletwa, unaletwa udongo wa kaburi lake. Mjukuu au mtoto anakwenda, anauchota, anaufunga kwenye kitambaa cheupe, unazikwa nyumbani na watu wako, ndipo matanga yanakwisha. Ya babu hayakwisha. Bibi alikufa akiyangoja, akamwachia mama zamu ya kungoja. Mama aliuliza watu maisha yake yote. Aliuliza wawindaji, warina asali, maofisa wa misitu, mpaka watoto wake wenyewe tukawa tunaona aibu akianza.

Siku Mwonyesha Njia alipokuja nyumbani kutafuta mpishi, majirani walikuwepo uani, na alikuwa na sahani ya wali wetu na kambale mapajani. Mama aliposikia ni mtu wa kwenda kwenye mashimo, aliacha alichokuwa anafanya.

"Baba," alimwambia, "huko mashimoni kuna kaburi la mpishi. Hujapata kulisikia?"

Mtu mwingine angesema hapana. Yeye alitazama majirani, akatazama wali, akafuta mdomo. "Kaburi la mpishi? Nalijua."

Mama alikaa chini palepale kwenye mchanga. Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa chini namna ile. Mimi nikafunga mzigo kesho yake.

Safari ya kwanza tulipita mbali na kaburi, akasema nyasi ni ndefu. Safari ya pili wageni walikuwa na haraka. Ya tatu kulikuwa na tembo, ingawa tembo yule hatukumwona wala kukanyaga kinyesi chake. Kila nilipouliza aliniambia, "Tutafika, Mpishi. Kaburi halihami." Nikirudi nyumbani mama alinisubiri barabarani, ananitazama mikononi kwanza kabla ya usoni. Nikamwambia nyasi, nikamwambia tembo, akasema haya mwanangu, mwaka kesho. Kila mwaka alinisubiri karibu zaidi na nyumba, kwa sababu miguu ilikuwa inakataa. Nilimchukia Mwonyesha Njia kwa kila hatua ambayo mama aliipunguza.

Hapa lazima nieleze desturi moja. Kwenye njia za mlimani, ukikuta rundo la mawe kando, unajua pana mtu amelala. Huulizi ni nani. Unaokota jiwe, unaliweka juu, unasema pole, unapita. Anayefuata anafanya hivyohivyo, na kwa sababu hiyo rundo hukua. Wapagazi wanafanya, warina asali wanafanya, hata wale wanafunzi wa chuo walifanya wakatengeneza na video.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa zimechelewa kuisha na msitu ulikuwa unatiririka. Tulifika mahali penye mkuyu mkubwa, na kando yake palikuwa na rundo la mawe lililoota kuvu, linanifikia kiunoni. Mwonyesha Njia akasimama. Akanyoosha fimbo.

"Mpishi," akasema, "babu yako huyu hapa."

Nilivua viatu. Nilipiga magoti nikachota udongo pembeni ya mawe kwa kijiko changu cha kukorogea, na udongo ulikuwa mweusi na laini, nikasema moyoni ni kwa sababu ya majani ya msitu. Nikaufunga kwenye kitambaa. Nikasema kama mama alivyonifundisha, "Babu, inuka, twende nyumbani." Nililia. Shija alilia. Mwonyesha Njia alivua kofia na kutazama pembeni, na kwa mara ya kwanza nilijilaumu kwa yote niliyokuwa nimemwaza.

Udongo wa mtu haubebwi kimya. Kila mahali panapobadilika unamwambia, asije akapotea. Nikawa namwambia. "Babu, tunavuka mto." "Babu, tunateremka, shika vizuri." Uchindile nilimwambia, "Babu, hii inaitwa treni," na abiria walioelewa walisogea wakampa nafasi ya kukaa dirishani. Mama mmoja niliyekuwa simjui aliniuliza ni nani, nikamwambia, akakiamkia kitambaa. "Shikamoo babu," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Mama alikuwa mlangoni. Alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakifungua, akauchukua udongo kidogo akausugua kwa vidole. Akaunusa. Akaunusa tena. Kisha akakifunga.

"Ndiye," akasema.

Tuliuzika kwenye makaburi ya kwetu, katekista akasoma, tukaweka msalaba wenye jina, na watu walikula wali mpaka jioni. Mwonyesha Njia alikaa mbele, kwenye kiti chenye mikono, na kila aliyekuja kumpa mama pole alimpa na yeye mkono wa hongera. Aliondoka na kuku.

Kiangazi kilichofuata tulipanda tena. Kwa kuzunguka kwetu tulifika pale pale, safari hii kutoka upande wa pili, na nilipoukaribia ule mkuyu kutoka upande ule nikauona waya. Waya wangu. Ulikuwa umefungwa kwenye tawi la chini, gome limeanza kuumeza, na mwisho wake umepinda kama ndoano. Mimi hufunga waya hivyo kutundikia birika. Nikasogea. Nguruwe pori walikuwa wamefukua rundo la mawe ubavuni, na kwenye ule ufa kulikuwa na jivu, vipande vya mkaa, na ukingo wa bati.

Nilivuta. Kilikuwa kifuniko cha sufuria yangu ya wali, kilichopotea safari ya kwanza kabisa. Kilikuwa na alama yangu, doa la rangi nyekundu ya kucha, maana vyombo visipowekwa alama vikienda kwenye shughuli za watu havirudi.

Shija alikuja akatazama, akakumbuka kabla sijamuuliza. Mwaka ule wa kwanza kulikuwa kukavu, na tulipoondoka alilundika mawe juu ya moto ili usiunguze msitu. Basi. Warina asali wakapita, wakaona mawe kando ya njia, wakaongeza. Wapagazi wakaongeza. Nadhani na sisi wenyewe, katika kuzunguka kwetu, tuliwahi kupita tukaongeza na kusema pole. Lile lilikuwa jiko langu. Nilikuwa nimechota jivu langu mwenyewe, nikalivusha mito, nikalipandisha treni, nikalikalisha dirishani, likaamkiwa shikamoo.

Nilimwendea Mwonyesha Njia mbele ya wageni wote, nikamwinulia kifuniko usoni. Alikitazama upande mmoja, akakitazama upande wa pili, lile doa jekundu linang'aa juani.

"Haya," akasema taratibu. "Kumbe babu yako alipikia hapahapa."

Shija alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona uso wangu akaacha. Mimi niliwapikia wageni mpaka Uchindile kwa sababu wao hawakuwa na kosa, lakini mtu yule sikumsemesha tena, wala sikupanda naye mlima tena.

Njia nzima nilifikiri namna ya kumwambia mama. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nilitaka kuanza mbali, nikashindwa.

"Mama, ule udongo ni jivu. Ni jiko langu la safari ya kwanza. Yule mzee ametudanganya."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku uliyouleta. Nimepika tangu sijui hata kufunga khanga, mwanangu. Nitanusa jivu nisilijue?"

"Ulisema ndiye."

"Nilisema." Aliendelea kupepeta, pumba zinaruka, kuku wanakuja. "Baba hakwenda kule kuchimba. Alikwenda kupika. Akapika, akafa, wakampita. Wewe nawe umekwenda kule, umepika. Mkono ni huohuo. Mimi nimechoka kungoja, na sikutaka kukuachia wewe zamu."

Nikamwambia basi nitamwaibisha mzee yule mji mzima, nitasimama sokoni na kifuniko. Hapo ndipo alipoweka ungo chini.

"Usimwaibishe."

"Yule mwongo?"

"Mwongo, ndiyo. Lakini wote niliowauliza waliniambia niache. Hata nyie wanangu mliniambia niache. Yeye peke yake alisema twende."

Nilikasirika na yeye pia, nikaona amenidhulumu haki yangu ya kukasirika, nikaingia ndani nikasugua kifuniko kile mpaka kikang'aa, na doa likabaki. Nakitumia mpaka leo.

Mama alifariki mwaka jana, mvua za masika zikiisha. Tulimzika ubavuni mwa msalaba wa babu kama alivyoagiza. Mwonyesha Njia hakuja kwenye mazishi, walisema anaumwa. Siku hizi wageni wanapandishwa na vijana wenye ramani kwenye simu, wanafika Uchindile kwa wakati, na nasikia wageni wanalalamika kwamba safari imekuwa fupi.

Alikuja baada ya arobaini, kwa bodaboda, ameishika fimbo mbele ya dereva kama anamwelekeza. Macho yalikuwa yamefunikwa na weupe wa mtoto wa jicho. Nilimwamkia kwa sababu nimelelewa.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mpishi. Pole. Nataka unipeleke kwa mama."

Makaburi hayako mbali na kwetu. Niliweka mkono wake begani kwangu, nikatangulia, na ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile sikuwahi kumwona mtu yule akitembea nyuma ya mtu. Alitembea vibaya nyuma. Alinikanyaga visigino.

"Bado mbali?" aliuliza.

"Tumebakiza kilima kimoja."

Alisimama. Ifakara ni tambarare kama sinia, kilima cha karibu unakiona kwa mbali ukiwa na macho mazima. "Hapa hapana kilima," akasema.

"Najua."

Tukaendelea. Baada ya kitambo akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Lile kaburi sikuwa nalijua, Mpishi. Nilikuwa na wali wenu mdomoni, mama yako ananitazama vile. Nikajisemea nitalitafuta. Nilitafuta, kweli. Mnafikiri nilikuwa nazunguka bure?"

Nilitaka kumwamini, na nilijikasirikia kwa kutaka. Mtu yule aliwahi kumtembeza binti mwenye mguu uliovimba mpaka Uchindile kwa maneno kama hayo.

"Mama alijua," nikamwambia. "Alinusa jivu siku ileile."

Mkono wake ulikaza begani. Nilisubiri aseme nisamehe. Nilikuwa tayari nimeshaamua nitamjibu nini.

"Alijua, akakubali," alisema. Akafikiri. "Basi sikukosea sana."

Ningemwacha palepale katikati ya makaburi. Sikumwacha. Nilimsimamisha mbele ya mama, nikamwambia kaburi liko mbele yake, kushoto kidogo. Akatoa mfukoni jiwe dogo la mtoni, lenye magamba ya ulanga yanayong'aa, alilolitoa mlimani siku ambazo bado alikuwa anapanda. Akapapasa kwa fimbo. Akapapasa kulia. Akainama kwa shida, mifupa inalia, akaliweka jiwe lake katikati kabisa ya kaburi la jirani, fundi baiskeli ambaye hakuwahi kupanda mlima wowote maishani mwake.

"Pole, Mama," alimwambia fundi baiskeli. Kisha akanigeuzia yale macho meupe. "Ndiye huyu?"

Nilimtazama mama upande wa kushoto, na babu pembeni yake, ambaye ni jivu.

"Ndiye," nikasema, nikaurudisha mkono wake begani kwangu tuondoke, maana peke yake angetokea Namawala.